Cholmondeley kutamkwa "Chamli": hili jina lina asili gani, na herufi nyingine zimekwenda wapi?

#1 Mtoto_wa_Njoro
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa nawatembeza wageni huku kwetu Njoro. Tukafika kwenye picha ya zamani yenye maandishi chini: Hugh Cholmondeley, Baroni wa tatu wa Delamere, 1870 hadi 1931. Nikasoma kwa sauti kama tulivyofundishwa kusoma, silabi kwa silabi: Cho-lo-mo-nde-le-i. Bibi mmoja Mwingereza, mtu mzima, akaniambia taratibu, "Chamli." Nikadhani anamtaja mtu mwingine. Akasogea kwenye kioo cha ile picha, kilikuwa na vumbi, akaandika kwa kidole herufi zote kumi na mbili, halafu akapigia mstari chini na kurudia, "Chamli."

Tangu siku hiyo sijatulia. Nina maswali matatu. Jina hili limetoka wapi na lina maana gani? Herufi zile zilizobaki zinafanya kazi gani? Na kama ukoo wake ni Cholmondeley, Delamere imetoka wapi? Sisi hapa tangu utotoni tunajua Delamere tu.

#2 Kijana_wa_Voi
Natia nanga hapa. Waje wajuzi.

#3 Mpenda_Soka
Mkuu, mbona hili tunaliona kila wikiendi? Timu inaandikwa Leicester, na hakuna shabiki hata mmoja wa Manzese anayesema "Leisesta". Wote tunasema Lesta. Waingereza huandika lao na kusoma lao. Sidhani kuna siri zaidi ya hapo.

#4 Mwalimu_Songea
#3, kuna siri, na ni nzuri. Niruhusuni niende polepole.

Cholmondeley ni mahali kabla ya kuwa mtu. Ni kijiji cha Cheshire, kaskazini magharibi ya Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Mwaka 1086 mashamba ya nchi yaliandikwa katika kitabu kwa ajili ya kodi, kwa amri ya mfalme William, yule Mnormani aliyeivamia. Katika kitabu hicho kijiji kimeandikwa Calmundelei. Kipasueni vipande viwili. Cha kwanza ni jina la mtu, Ceolmund. Cha pili ni leah, neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya uwazi uliofyekwa katikati ya msitu. Kwa hiyo ni "ufyeko wa Ceolmund". Bwana mmoja wa zamani sana alikata miti, akapata mahali pa kulima, na mahali pakaitwa kwa jina lake.

Karne kadhaa baadaye akaja mmiliki mwingine ambaye hakuwa na undugu wowote na Ceolmund. Akaanza kuitwa Robert wa Cholmondeley, kwa sababu alipewa shamba lile. Wanawe wakarithi shamba na jina pamoja. Ndivyo koo nyingi za Kiingereza zilivyopata majina: ardhi ilimpa mtu jina.

#5 Fundi_wa_Shela
Mwalimu ahsante. Huyo Ceolmund mwenyewe maana yake nini? Nimeona mahali kuwa ceol ni ndugu wa neno lao la mkuku, ule mti wa chini kabisa tunaoulaza kwanza tunapounda jahazi. Kama ni hivyo, mtu wa bara la Uingereza, katikati ya msitu, ameitwa kwa mkuku wa chombo! Kazi yangu ni hii tangu nikiwa na miaka kumi na minne. Mkuku ukilala vibaya, hata uweke mbao za mvuli chombo kitakwenda upande mpaka kife. Kumpa mtoto jina la mkuku si jambo dogo.

#6 Mhakiki
#5 umekaribia, sahihisho dogo tu. Ceol katika Kiingereza cha kale ni chombo chenyewe, jahazi zima. Neno lao la leo la mkuku lilitoka kwa watu wa Skandinavia, wale waliowavamia kwa mashua ndefu. Maneno hayo mawili yanafanana na yameingiliana, lakini Ceolmund ni "chombo" na "ulinzi". Mund ni ulinzi, na mnalo mpaka leo katika Edmund na Raymond. Akina Raymondi wa Moshi wanatembea na kipande kilekile.

Ila msiunganishe mkapata "mlinzi wa jahazi". Watu wale walichukua vipande viwili vyenye heshima wakavifunga pamoja, mara nyingi kimoja cha baba na kimoja cha mama au babu. Maana ilikuwa katika vipande, si lazima iwe katika jina zima.

#7 Fundi_wa_Shela
Chombo na mkuku kwangu havitengani, lakini nimepokea.

#8 Bi_Kizingo
Salaam nyote. Maana mumeshatoa, mimi nataka lile la ulimi. Mwaonaje kama ni kusudi? Hawa ni watu wakubwa, wana kasri, wana cheo cha Markizi tangu 1815. Ukiandika herufi kumi na mbili na kutamka tano, mgeni akija anajulikana mara moja kuwa si wa baraza yenu. Hata hapa Mvita twamjua mtu kwa neno moja tu. Akisema "njoo" hali sisi twasema "ndoo", basi, huyo kaja na basi la jana. Mimi naamini matamshi yale ni mlango, na ufunguo wanao wenyewe.

#9 Dada_wa_Crewe
Shikamoo Bi Kizingo. Mimi naishi Cheshire mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee, na kibao cha Cholmondeley nakipita nikienda kazini. Nilifikiri kama wewe. Lakini wanaosema Chamli si wenye kasri peke yao. Dereva wa basi anasema Chamli. Muuza mayai wa kando ya barabara anasema Chamli. Watoto wa shule wanasema Chamli kabla hawajajua kuliandika. Kama ni mlango wa wakubwa, mbona wakulima wote wako ndani?

Nina kisa changu. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipewa orodha niwaite wazee mmoja mmoja kwa dawa. Nikafika kwenye jina Mainwaring, nalo ni la huku huku Cheshire. Nikaita, "Meinwearing." Kimya. Nikaita tena, sauti juu zaidi. Bibi mmoja alikuwa dirishani na blanketi la bluu magotini, ananitazama kwa upole, hajitikisi. Mwenzangu akapita nyuma yangu na trei ya chai, akasema tu, "Manering." Yule bibi akainua mkono. Alikuwa ananisikia muda wote. Ni kwamba sikuwa nimemwita. Usiku ule nilikaa na ile orodha nikajifunza jina hadi jina.

#10 Mtoto_wa_Njoro
Dada, hilo la "sikuwa nimemwita" limenigusa. Ndivyo nilivyojiona mbele ya ile picha.

#11 Mwalimu_Songea
Kwa heshima yote kwa Bi Kizingo, nasimama na Dada wa Crewe. Ni ulimi uliochoka njiani, na kila hatua ya uchovu huo inaonekana mahali pengine katika lugha yao.

Kiingereza hupiga nguvu silabi moja, mara nyingi ya kwanza, na zinazofuata humezwa. Katika Cholmondeley nguvu zote ziko kwenye "Chol". L iliyo mbele ya m ikalegea ikafa, kama katika calm na palm, maneno ambayo wao husema "kaam" na "paam" bila l. Ile "on" ya katikati haikuwa na nguvu, ikazama. D iliyobanwa kati ya n na l ikaanguka, kama ile ya Wednesday, ambayo sote tulichapwa nayo darasani kwa kuisoma. Ukiondoa vyote hivyo, unabaki na Cham-li. Hakuna aliyekaa baraza kuamua.

Na sisi tunafanya vivyo hivyo. Mwana wangu limekuwa mwanangu, mama yako limekuwa mamako, mwana Aisha limekuwa Mwanaisha. Tofauti ni kwamba sisi kalamu imeufuata ulimi. Wao wangeandika "mwana wangu" mpaka kesho na kusoma "mwanangu".

#12 Bi_Kizingo
Mwalimu, mfano wa mwanangu nimeupenda, lakini hujanijibu. Ulimi ulichoka, sawa. Kwa nini kalamu haikuchoka?

#13 Karani_Mstaafu
Hapo ndipo ninapoingia, maana nilifanya kazi ya masijala miaka thelathini. Kalamu haikuchoka kwa sababu ya hati. Jina likishaandikwa kwenye hati ya shamba, wosia na cheti cha ndoa, mtoto hatabadilisha hata nukta, asije akaambiwa si yeye mrithi. Nimeona ndugu wawili hapa kwetu wanazungushana mwaka mzima kwa sababu mmoja ni "Saidi" na mwingine kwenye karatasi ni "Said". Sasa fikiria kasri na maelfu ya ekari. Anayethubutu kufuta herufi ni nani?

#14 Mhakiki
#13 hoja yako nzuri, lakini wapo waliothubutu. Tawi la ukoo huo lililohamia Yorkshire, huko Whitby, liliandika Cholmeley au Cholmley. Sir Roger Cholmeley alianzisha shule ya Highgate, London, mwaka 1565, na ameandika kwa namna hiyo fupi. Wengine wakaandika Chumley moja kwa moja, na hao wapo hadi leo. Kwa hiyo ukoo mmoja una tahajia ndefu, ya kati na fupi. Tawi lililobaki na shamba la asili ndilo lililobaki na herufi zote.

#15 Karani_Mstaafu
Si ndiyo hoja yangu hiyo? Wenye hati ndio wenye herufi. Umenisaidia bila kujua.

#16 Bi_Kizingo
Na yangu pia. Wenye kasri ndio walokataa kufupisha. Kalamu wameishika wao.

#17 Kijana_wa_Voi
Kila mtu amevuta ushahidi uleule upande wake. Endeleeni, nimeagiza chai.

#18 Mpenda_Soka
Mimi nimerudi na mzigo. Kile kipande cha leah alichotaja Mwalimu, nimeanza kukiona kila mahali. Burnley ni ufyeko wa mto Brun. Na Wembley, wakuu, Wembley yenyewe! Ni ufyeko wa bwana aliyeitwa Wemba. Fainali zote zile tunazokesha kuzitazama zinachezwa katika shamba alilofyeka Wemba.

Halafu kocha wa kwanza kabisa wa timu ya taifa ya Uingereza, kuanzia 1946, aliitwa Walter Winterbottom. Wenye Kiingereza cha mtaani watacheka hapo mwisho, lakini kipande hicho ni neno la kale la bonde. Ni bonde la majira ya baridi, pengine ndiko walikopeleka mifugo wakati wa baridi.

#19 Dada_wa_Crewe
Au bonde lisiloota jua. Huku kuna mabonde ukishuka saa sita mchana unahitaji koti.

#20 Mpenda_Soka
Bonde la malisho, dada. Mtu haiti shamba lake kwa baridi.

#21 Mfugaji_Mbulu
#20, ungekuja kwetu mwezi wa saba usingesema hivyo.

#22 Mtoto_wa_Njoro
Wakuu, swali langu la tatu limesahauliwa. Delamere je?

#23 Kaka_wa_Buja
Hilo ni letu sisi tuliosoma kwa Kifaransa. De la mère, yaani "wa mama". Labda urithi ulipitia kwa mama. Au de la mer, "wa bahari", kwa kuwa walivuka bahari na Wanormani. Mimi nauweka mfuko wangu kwa mama.

#24 Ole_Sirua
Supa. Mimi nitasema jambo la huku. Nimewahi kuona kwamba katika karatasi za kale jina hilo linaandikwa "de Mara". Mara ni yetu. Kwa Kimaa ni kitu chenye madoadoa, na ukisimama juu ya kilima ukaitazama ile nchi, vichaka na vivuli vya mawingu, utaelewa kwa nini. Huyo bwana aliishi na Wamaasai miaka mingi na alikijua Kimaa. Je, hakuchukua jina kwetu?

#25 Mhakiki
Ole Sirua, umeona kweli, ila umeona vitu viwili vyenye sura moja. Cheo cha Baroni Delamere kilitolewa 1821 kwa Thomas Cholmondeley, na huyu Hugh wa Kenya alizaliwa 1870. Jina lilikuwepo nusu karne kabla yake. Limetokana na msitu wa Cheshire uitwao Delamere, ambao zamani ulikuwa uwanja wa kuwinda wa wakubwa wa Chester, na katika Kilatini cha makarani wa wakati ule uliandikwa "msitu wa Mara". Lakini Mara hiyo ni neno lao mere, ziwa dogo. Msitu ule una viziwa vingi, na baadhi ya vijiji vyake bado vina kipande hicho mwishoni: Oakmere, Hatchmere. Mara ya Kimaa na Mara ya Cheshire hazijuani.

Kaka wa Buja, kwa hiyo si mama wala si bahari. Kwa Kifaransa jamaa yake wa karibu ni mare, dimbwi. Kwa ufupi Delamere ni "wa maziwa", yale ya maji.

#26 Mama_Kuku_Naivasha
Subirini kidogo! Wa MAZIWA? Mimi niko Naivasha. Kila basi la Nakuru likisimama, watu wanashuka kununua maziwa na yogati zenye jina la Delamere. Miaka yote tunakunywa maziwa ya wa-maziwa na hatukujua?

#27 Fundi_wa_Shela
Hahaha! Kiswahili kimefika Cheshire kabla ya Mwingereza kufika Naivasha.

#28 Mhakiki
Ni bahati ya Kiswahili tu, maziwa ya ng'ombe na maziwa ya maji kukutana katika neno moja. Lakini nakiri sikuwa nimeliona mpaka Mama Kuku aliposema. Na shamba lake la Soysambu liko kando ya ziwa Elmenteita. Jina lilimkuta ziwani.

#29 Kaka_wa_Buja
Nimeshindwa kwa heshima. Lakini mama na ziwa vyote vinanywesha.

#30 Mkulima_wa_Rongai
Niongeze jambo ambalo liko chini ya pua ya mleta uzi. Hapo Njoro kuna Chuo Kikuu cha Egerton, sivyo? Kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya Lord Egerton wa Tatton, kikawa chuo kikuu kamili 1987. Sasa fungua ramani ya Cheshire. Egerton ni kijiji, na kiko karibu na Cholmondeley, mwendo wa kutembea kwa miguu. Vitabu vya nasaba vinasema koo hizo mbili zilitoka kwa mzee mmoja, William le Belward, bwana wa Malpas. Kizazi kimoja kikapewa Cholmondeley, kingine Egerton, kila kimoja kikachukua jina la shamba lake. Karne saba hivi zimepita, majina mawili ya vijiji jirani yakakutana tena Njoro, chini ya Mau.

Nimesoma pale chuoni miaka minne, nimelala kwenye mabweni yale, na hakuna siku niliyowahi kujiuliza Egerton ni nini.

#31 Mtoto_wa_Njoro
Mkulima, umenitoa jasho. Nyumba yetu iko katikati ya hayo mawili. Asubuhi nasikia kengele upande mmoja na trekta upande wa pili.

#32 Mhakiki
#30, kijiografia uko sahihi. Kwa damu, weka tahadhari. Mwishoni mwa karne ya 18 urithi wa Tatton ulipita kwa mwanamke aliyeolewa na bwana Tatton, na mwana wao akachukua jina la Egerton ili arithi. Kwa hiyo yule wa Njoro, kwa upande wa baba kwa baba, ni Tatton. Jina ni Egerton kwa sababu ya shamba.

#33 Karani_Mstaafu
Hati tena. Sisemi zaidi.

#34 Kaka_wa_Buja
Kwa hiyo urithi ULIPITA kwa mama! Nilikosea ukoo tu.

#35 Ole_Sirua
Nimekubali la Mara. Lakini kuna jambo nataka liwepo humu ndani, kwa sababu tunasema sana kuhusu majina na ardhi kana kwamba ardhi ilikuwa tupu.

Mwalimu amesema kule kwao ardhi ilimpa mtu jina. Huku ikawa kinyume. Mwanzoni mwa karne ya 20 bwana huyu alipewa ekari laki moja Njoro kwa mkataba wa miaka 99. Mwaka 1904 wazee wetu walitolewa Bonde la Ufa wakapelekwa Laikipia, na kuanzia 1911 wakatolewa tena Laikipia wakapelekwa kusini. Babu mzaa babu yangu alikuwa kijana katika safari ile ya pili, na nyumbani bado wanahesabu ng'ombe waliokufa kwa baridi njiani. Halafu barabara kubwa ya Nairobi ikaitwa Delamere, na sanamu yake ikawekwa hapo. Baada ya uhuru barabara ikawa Kenyatta, sanamu ikapelekwa Soysambu. Lakini Naivasha bado ni neno letu, maji yanayochafuka kwa upepo. Njoro bado ni neno letu, chemchemi. Majina ya kwetu hayakuhitaji hati.

#36 Bi_Kizingo
Umenena, mwanangu. Pole na wazee wako.

#37 Mwalimu_Songea
Ole Sirua, ahsante kwa kuliweka. Kesho nina kidato cha tatu. Hili la kwamba Njoro ni chemchemi na Delamere ni ziwa nitawapa, pamoja na hiyo safari.

#38 Mngongo_wa_Iringa
Mimi nina kisa cha upande wa pili. Ukoo wetu ni Mng'ong'o. Nilipokwenda kuandikishwa, karani wa ofisi moja aliniambia mashine haikubali vile vialama vya juu. Akaandika Mngongo. Tangu hapo kitambulisho, cheti, kadi ya benki, vyote ni Mngongo. Kila ninapoitwa kwenye foleni wananiita kama mgongo wa mtu. Waingereza wana herufi nyingi na sauti chache, mimi nina sauti zangu zote na herufi zimeibwa. Baba alifariki akiwa na vialama vyake viwili, mimi nitazikwa bila.

#39 Karani_Mstaafu
Ndugu, nenda na cheti cha baba na kiapo cha wakili, inarekebishika. Nimewahi kuwarekebishia watu kadhaa kabla sijastaafu. Nitafute faragha nikuelekeze.

#40 Mzee_wa_Kariakoo
Mnashangaa Chamli na mimi nimezaliwa Kariakoo! Jina hili ni la kikosi cha wapagazi cha Waingereza wakati wa vita vya kwanza, Carrier Corps. Watu wetu wakalisikia kwa masikio yao, wakaliandika walivyolisikia. Na Nairobi wana Kariokor yao kutoka neno lilelile. Corps yenyewe, Waingereza wanaiandika na p na s na hawatamki hata moja. Wazee wetu walizitupa herufi zile mara moja, wakabaki na sauti. Nadhani wangepewa Cholmondeley, leo kungekuwa na mtaa unaitwa Chamuli.

#41 Bula_wa_Lushi
Mambo, ndugu za mashariki. Niongeze la kwetu Congo. Stanley, yule msafiri, jina lake lina kipande hicho cha leah: ni ufyeko wa mawe. Wala halikuwa la ukoo wake. Alizaliwa Wales kwa jina John Rowlands, akajipa Stanley alipofika Marekani. Alipokuja kupasua barabara kando ya mto, watu wa Kongo wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Hawakujua Kiingereza cha kale. Wamempa jina la mawe mtu ambaye tayari alikuwa amejiokotea jina la mawe.

#42 Fundi_wa_Shela
Hii imenisimamisha kazi. Nimeweka tezo chini.

#43 Mwanafasihi_Mbeya
Nimesoma wote. Kuna maelezo moja hayajatajwa kuhusu ile "o". Makarani wa zamani waliandika u, n na m kwa mistari mifupi iliyosimama, inafanana yote. Neno lenye u karibu na m au n likawa kama uzio. Kwa hiyo walibadilisha u ikawa o ili lisomeke. Ndiyo maana monk na son zina o lakini zinatamkwa kama a yetu. Cholmondeley ina m na n zote mbili. Huenda sauti haikuhama sana, ni mwandiko ndio uliotudanganya.

#44 Mwalimu_Songea
Inapendeza, lakini katika kitabu cha 1086 silabi ya kwanza ina a, Cal-, na ile u ya mund iliandikwa wazi karibu na m na n bila hofu. Kwa ile "mon" ya katikati nakubaliana nawe. Kwa silabi ya kwanza bado nashikilia ulimi.

#45 Mwanafasihi_Mbeya
Aliyeandika 1086 alikuwa karani wa Kinormani, mwenye masikio ya kigeni. Hata sauti ya "ch" hakuiandika kama tunavyoiandika leo. Ushahidi wake kuhusu irabu siuamini sana.

#46 Mwalimu_Songea
Haya, nitarudi jioni na majina mengine ya Cheshire tuyapime.

#47 Mtoto_wa_Njoro
Ahsanteni sana wote. Nimekwenda tena leo asubuhi. Maandishi ya bibi yule bado yako kwenye vumbi la kioo, sikuyafuta. Nimeruhusiwa kuandika kibao kipya chini ya picha. Nataka niweke jina kama lilivyo, halafu chini yake "hutamkwa Chamli, ufyeko wa Ceolmund, Delamere, wa maziwa", na mstari wa pili nieleze Njoro ni neno la nani na maana yake nini. Ole Sirua, naomba uniandikie Kimaa chake sawasawa, nisikosee.

#48 Mama_Kuku_Naivasha
Kwenye "wa maziwa" ongeza "ya maji". Wageni watauliza friji iko wapi.

#49 Ole_Sirua
Nitampigia mama usiku huu. Yeye ana namna yake ya kulitamka, na nataka kuliandika kama anavyolisema yeye.